Kuwatunza Wazazi Wetu Wazee Siku ya Kupasuliwa na Siku ya Maumivu

Someni kwanza: Kutoka 20:12, Marko 7:9-13, Mwanzo 48:1-2, Yohana 19:25-27.



Amri ya nne twaijua tangu utoto. Watoto wa Kipaimara huisema bila kukosa neno. Lakini tumeona kwamba wengi wetu huidhania kuwa ni amri ya watoto wadogo tu, wasije wakawajibu wazazi kwa jeuri. Sivyo. Walioisikia kwanza pale Sinai walikuwamo watu wazima wenye wazazi wazee waliochoka kwa safari. Naye Luther alipoieleza katika Katekisimo Ndogo, hakutaja heshima peke yake, alitaja na kuwatumikia. Utumishi huo huwa mzito hasa siku ile mzazi asipoweza tena kujitumikia mwenyewe.

Mwezi huu tumeona vema kuandika juu ya mzazi mzee apasuliwaye hospitalini na kupatwa na maumivu makali. Hatuandiki kama watu waliofanya vizuri. Jambo hili limetupata wenyewe, nasi tulikosa ndani yake. Huenda makosa yetu yakawafaa wengine.

1. Habari yenyewe

Mama yetu mzazi ana miaka 79. Asubuhi moja ya masika alishuka bondeni kukata majani ya ng'ombe, akateleza penye migomba, akaanguka kwa ubavu. Hakuweza kuinuka. Jirani walipomkuta, mguu wake wa kushoto ulikuwa mfupi kuliko wa kuume, na wayo umegeukia nje. Alama hiyo yafaa kila mtu aijue: mzee akianguka asiweze kusimama, na mguu ukawa mfupi na kugeukia nje, mara nyingi mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga. Haifai kumkanda wala kuuvuta mguu. Ufungwe taratibu pamoja na ule mzima kwa nguo laini, naye apelekwe hospitali siku ile ile.

Kwetu haikuwa hivyo. Alikandwa nyumbani siku mbili, akaugua mno.

2. Korbani yetu

Sisi tuandikao haya tulipata habari kwa simu siku ile ile aliyoanguka. Lakini tulikuwa katika mkutano wa jimbo, tena tulikuwa tumepewa kusoma taarifa ya fedha. Tukamwambia ndugu yetu mdogo, "Mpeni dawa ya kutuliza, tutakuja Ijumaa." Tulijiona kuwa watu walio katika kazi ya Mungu.

Usiku wa pili tulikuwa tukitengeneza somo la asubuhi, nalo lilikuwa Marko sura ya saba. Hapo Bwana Yesu awakemea watu waliosema kwamba mali iliyopasa kumsaidia baba au mama ni Korbani, yaani imekwisha kuwekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwape wazazi kitu. Tukafunga kitabu. Mkutano ule ulikuwa Korbani yetu. Asubuhi tulimpa mwenzetu taarifa ile, tukapanda gari la abiria. Baadaye tulisikia kwamba ilisomwa vizuri bila sisi.

Ndugu walimu, nanyi wazee wa kanisa, kazi ya usharika ni njema, lakini haikupewa ili iwe maficho. Bwana mwenyewe, akiwa juu ya msalaba katika kazi iliyo kuu kuliko zote, hakumsahau mama yake, alimkabidhi kwa mwanafunzi.

3. Ni nani apasaye kuulizwa?

Hospitalini mganga alitueleza kwamba shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Kwa mzee, mfupa huo hauungi vema kwa kulala tu. Hufaa kupasua na kuushika kwa chuma, au kutia kichwa kipya cha mfupa. Alisema waganga wa siku hizi hujitahidi kufanya hivyo katika siku moja au mbili tangu kuvunjika, maana kila siku ya kulala huongeza hatari. Nasi tulikuwa tumekwisha kuzipoteza.

Kaka yetu mkubwa akasema, "Mzee wa miaka hii hapasuliwi. Atafia mezani. Tumrudishe nyumbani apumzike." Dada yetu akasema apasuliwe, hata ikiwa ng'ombe wote watauzwa. Tukabishana barazani muda mrefu, nasi wachungaji tulikuwa mwamuzi. Mwisho mganga akauliza, "Je, mmemwuliza mwenyewe?" Tukanyamaza wote. Hakuna aliyemwuliza.

Mganga akaenda kitandani, akavuta kiti, akamwambia mama kwa lugha ya nyumbani hatari za njia mbili. Njia ya kupasuliwa ina hatari zake: moyo kushindwa, damu kupotea, kidonda kuingia usaha. Njia ya kutopasuliwa nayo ina zake: kulala majuma mengi, vidonda vya mgongoni, homa ya mapafu, damu kuganda mguuni, na maumivu kila ageuzwapo. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Nimewasikia huko nje mkinigawanya kama shamba. Mimi nataka kwenda chooni kwa miguu yangu. Nipasueni." Akaandika jina lake mwenyewe, kwa herufi alizofundishwa katika shule ya misheni.

Basi hili ndilo fundisho la kwanza. Kumheshimu mzazi ni kumwuliza. Mzee mwenye akili timamu ndiye mwenye mwili wake, hata kama watoto ndio watoao fedha. Wako watu wamfichao mzee kwamba atapasuliwa, wakisema ni huruma. Lakini aamkapo na kujiona ana kidonda, hujua ya kuwa wanawe wamemdanganya, na tangu siku hiyo hawasadiki tena. Kweli isemwe kwa upole, lakini isemwe.

4. Kabla ya kupasuliwa

Kwanza, familia imchague mtu mmoja wa kuzungumza na waganga, naye aandike katika daftari yote aambiwayo. Wakizungumza watano, yatakuja maneno matano.

Pili, dawa zote azitumiazo mzee ziletwe na kuonyeshwa: za shinikizo la damu, za kisukari, na hata za miti shamba. Watu wengi huona haya kutaja za miti shamba. Lakini ziko zizuiazo damu kuganda, na ziko zisizopatana na dawa ya usingizi. Mganga hawezi kujilinda na asichokijua.

Tatu, mgonjwa akikatazwa kula na kunywa, asipewe kitu. Sababu yake ni hii: mtu akiwa katika nusu kaputi, koo lake nalo limelala, chakula chaweza kupanda kutoka tumboni na kuingia mapafuni, naye akafa kwa hicho. Dada yetu, kwa huruma, alimpa mama kikombe cha uji alfajiri, kisha alipoulizwa akaficha. Mama mwenyewe ndiye aliyesema. Kupasuliwa kukaahirishwa hata kesho yake. Dada alilia kwa aibu, lakini aibu ile ilikuwa bora kuliko msiba.

Nne, ndugu wenye afya wawe tayari kutoa damu. Vijana sita wa usharika walikuja bila kuitwa. Tumehubiri mara nyingi juu ya upendo wa ndugu, lakini siku ile vijana walituhubiri sisi.

Tano, miwani na meno ya bandia vitatolewa na kutunzwa. Virudishwe upesi baadaye, maana mzee asiyeona wala kusikia vema huchanganyikiwa haraka.

Tena msikose kuomba pamoja naye. Maombi yawe mafupi, kwa maneno ayajuayo. Akitaka Meza ya Bwana, apewe kabla ya saa za kukatazwa kula, wala isifanywe kama kwamba ni kuagana. Ni chakula cha wasafiri wote.

5. Maumivu si malipo, wala si kipimo cha imani

Sasa tunafika kwenye kosa letu lililo kubwa zaidi.

Mama alipasuliwa kwa ganzi ya mgongoni, na kazi ikaenda vema. Usiku, ganzi ilipokwisha, maumivu yakaja kwa nguvu, naye akalia kwa sauti. Wagonjwa wengine walitugeukia, nao walitujua kuwa mchungaji. Tukaona haya. Tukainama, tukamwambia, "Mama, nyamaza. Mkumbuke Bwana msalabani, jinsi alivyovumilia." Akanyamaza. Akauma shuka mpaka asubuhi. Nasi hatukumwita muuguzi, tukasali kando yake tukidhani tumemsaidia.

Kulipopambazuka alikuwa na homa, pumzi zake fupi, wala hakuweza kukohoa. Muuguzi akauliza, "Bibi, mbona hukuita?" Mama akatutazama, asiseme neno.

Muuguzi yule akatufundisha tusilolijua. Mgonjwa mwenye maumivu hathubutu kuvuta pumzi ndefu wala kukohoa, na makohozi hukaa mapafuni, ndipo homa ya mapafu huja. Haujongezi mguu, na damu huganda ndani yake. Halali, na akili huchanganyika. Basi kutuliza maumivu si kumdekeza mgonjwa. Ni sehemu ya kumponya.

Tena tulikuwa tumekosa katika mafundisho yenyewe, sisi tuliosoma chuo cha uchungaji. Kwanza, Bwana Yesu msalabani hakunyamaza. Injili zatuambia kwamba saa ya tisa alilia kwa sauti kuu, kwa maneno ya Zaburi ya 22. Tulimtumia Bwana aliyelia ili kumzuia mama yetu asilie.

Pili, wako wasemao kwamba Bwana alikataa divai iliyotiwa manemane (Marko 15:23), basi na Mkristo akatae dawa ya kutuliza. Lakini yeye alikuwa akiifanya kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya, kuichukua dhambi ya ulimwengu, na kazi hiyo imekwisha. Maumivu ya mama yetu hayaongezi kitu juu yake. Sisi Walutheri twafundisha kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, wala si kwa matendo. Je, tutamwambia mgonjwa kwamba ajipatie heri kwa kuuma shuka?

Tatu, rafiki zake Ayubu walikaa naye siku saba bila kusema neno, na hizo ndizo siku walizofanya vema. Walipofungua vinywa ndipo walipokosa.

Shaka hii si mpya. Mwaka 1846, tarehe 16 Oktoba, katika mji wa Boston kule Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa hewa ya etha mbele ya waganga wengi, na mgonjwa akapasuliwa akiwa hana habari. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh alianza kuwapa klorofomu wanawake wenye utungu wa kuzaa. Naye aliandika kuwajibu waliopinga kwa ajili ya dini, akawaonyesha Mwanzo 2:21, kwamba Mungu mwenyewe alimletea Adamu usingizi mzito kabla ya kumtoa ubavu. Na Luther, mwaka 1537 huko Schmalkalden, aliugua ugonjwa wa mawe, asiweze kupata haja ndogo siku kadhaa, hata akatamani kufa. Wala hakuyaficha maumivu yake mbele ya rafiki zake. Je, alikuwa hana imani?

Siku ya tatu tulimwomba mama msamaha. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Ulipokuwa mdogo ulimwagikiwa na maji ya moto mguuni. Ulilia mpaka jogoo akawika. Je, nilikuambia nyamaza?" Hatukuwa na la kujibu. Akasema, "Basi, mwanangu, nishike mkono, na mdogo wako amwite nesi."

6. Kazi ya mtoto kando ya kitanda

Wazee wetu wamezoea kuficha maumivu. Ukimwuliza, "Hujambo?" atasema, "Sijambo." Afadhali umwulize kadiri: "Ikiwa sifuri ni hakuna maumivu, na kumi ni makali yasiyozidi, sasa ni ngapi?" Asiyependa hesabu aonyeshe kwa vidole. Tena mtazame uso, na chakula alichokiacha.

Shirika la Afya Duniani, mwaka 1986, lilitoa mpango wa ngazi tatu kwa maumivu ya saratani: dawa nyepesi kwa maumivu madogo, zenye nguvu kidogo kwa yale ya kati, na zenye nguvu kama mofini kwa yaliyo makali. Mpango ule ulifundisha jambo lifaalo hata kwingineko: dawa itolewe kwa saa zake, kabla maumivu hayajarudi, si kumngoja mgonjwa alie. Wengi wetu huogopa mofini, wakisema ni dawa ya wanaokufa. Sivyo. Mganga akiipima na kumwangalia mgonjwa, hutuliza wala haiui. Ina taabu zake: choo kigumu, kichefuchefu, usingizi. Ombeni mapema dawa ya kulainisha choo. Na mgonjwa akiwa haamki aitwapo, au pumzi zake zikiwa chache na za polepole, mwiteni muuguzi mara moja. Wala msiongeze dawa za dukani kwa siri. Ziko ziumizazo tumbo na figo za mzee.

Wauguzi watataka mgonjwa aketi na kusimama mapema, pengine kesho yake tu. Watoto wengi hukasirika, wakidhani ni ukatili. Msikasirike. Ombeni dawa ya kutuliza itangulie, kisha msaidieni. Yakobo mzee, aliposikia kwamba Yusufu amekuja, alijitia nguvu akaketi kitandani. Nasi tuliona hivyo kwa macho: mama alikataa kuketi kwa ajili ya wauguzi, lakini mjukuu wake alipoingia, aliketi.

Usiku wa nne alianza kuweweseka, akamwita baba yetu aliyekwisha kufa. Jirani mmoja akanong'ona kwamba ni pepo. Walimu, tusikubali maneno hayo. Wazee wengi huchanganyikiwa baada ya kupasuliwa, na huenda ikawa dalili ya homa au maji kupungua mwilini, basi muuguzi aambiwe. Msibishane naye. Washeni taa, mvisheni miwani, mwambieni siku na mahali, na aketi karibu mtu amjuaye.

Tena kuna jambo la haya. Kwa desturi yetu mtoto wa kiume hamwogeshi mama yake. Basi wanawake wa usharika na wakwe walishika zamu ya kumwosha na kumgeuza kila baada ya saa mbili, nasi wana tulifua mashuka na kuchukua maji. Hapana kazi hapo iliyo ndogo kwa mchungaji. Na zamu ziwe za kweli; mtu mmoja akikesha siku zote, atachoka, atakuwa mkali, kisha atajilaumu.

7. Walio mbali

Wengine wenu mna watoto Dar es Salaam na ng'ambo, wasioweza kufika. Wasidhani fedha peke yake zatosha, wala wasikate tamaa. Mwezi wa Februari mwaka 1530 Luther alipata habari kwamba baba yake Hans ni mgonjwa, naye hakuweza kwenda. Alimwandikia barua ya kumfariji. Baba akafariki mwezi Mei. Mwaka 1531 alimwandikia na mama yake Margarethe, mwezi mmoja na siku chache kabla hajafa. Mwandishi yule wa vitabu vingi hakuona kazi hiyo kuwa ndogo. Nasi tuna simu. Mtoto aliye mbali apige saa ile ile kila jioni, amwache mzazi aseme, na wakiisha kuzungumza waombe.

8. Ikiwa hapana kupona

Pengine mganga atasema kwamba kupasua hakutafaa tena. Hata hapo msiseme, "Hakuna la kufanya." Kanisa letu la KKKT lina hospitali zaidi ya 20, kama Machame, Bumbuli, Ilembula na Haydom, na katika hospitali zake imo huduma iitwayo tiba shufaa, ya kutuliza maumivu na kumsindikiza mgonjwa, hata nyumbani kwake. Ulizeni mapema.

Mama yetu amerudi nyumbani. Mguu mmoja ni mfupi kidogo, naye hutembea kwa fimbo. Bondeni hashuki tena, jambo limhuzunishalo. Lakini huenda chooni kwa miguu yake, kama alivyotaka. Jumapili hukaa benchi la karibu na mlango, na tukihubiri juu ya uvumilivu, twamwona akitutazama. Basi twayapima maneno yetu.

Maswali ya kuzungumziwa usharikani

1. Korbani yako ni ipi, yaani kazi njema itumiwayo kama udhuru?
2. Kwa nini maumivu ya Mkristo hayalipi dhambi? Jibuni kwa Katekisimo, sehemu ya pili ya Imani.
3. Usharika wetu una watu gani wa kutoa damu, na wa kushika zamu hospitalini? Andikeni majina sasa, kabla ya kuhitajiwa.

Tuombe: Bwana Yesu, uliyelia kwa sauti kuu na kumkumbuka mama yako, utufundishe kuwasikia wazazi wetu waliapo. Waongoze waganga na wauguzi. Utusamehe maneno tuliyoyasema mahali pa kunyamaza, na ukimya wetu mahali pa kuita msaada. Amina.